Ukurasa wa Kumi na Moja wa Papa Austria

Ninyi mnaopiga picha karatasi ya noti kwa simu na kuituma Kabambare kabla chai haijapoa, siwalaumu. Ningekuwa na simu hiyo zamani, magoti yangu yangekuwa mazima hadi leo. Ila kaeni kidogo. Nilinakili noti za korali hapa Kasongo tangu ndevu hazijaota mpaka macho yaliponikataa, na ndani ya kazi hiyo nilifanya kosa moja ambalo wengi wenu mmeliimba huku mkilia kwa furaha. Nataka mlisikie kwangu mimi, kabla hamjalisikia sokoni likiwa limetiwa chumvi.

Kazi ilikuwa hivi. Mapadri walikuwa na vitabu vya Kizungu vyenye mistari mitano na noti nyeusi zenye mikia. Korali haikuzisoma. Mimi nilizigeuza kuwa herufi, d kwa do, r kwa re, m kwa mi, sauti nne, soprano juu na bas chini. Nikaziandika kwa kalamu ya chuma juu ya stensili, ile karatasi laini yenye nta, tukaifunga kwenye mashine ya roneo na kuzungusha mkono mpaka nakala zitoke. Ukikandamiza sana, tumbo la herufi d linatoboka, linatoka doa jeusi, na soprano wote wanasimama wakiulizana. Ukikandamiza kidogo, teno hawaoni kitu, wanaimba walichoota. Siri yangu ilikuwa kitana. Nilibonyeza meno ya kitana pembeni mwa stensili ili nafasi za mapigo zilingane, na sauti zote nne zikutane pale pale. Mke wangu alinunua vitana kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wetu, na kichwa chake hakikuwahi kuchanwa vizuri siku ya Jumapili.

Mwaka mmoja wino wa roneo ulikwisha na barabara ilikuwa imekufa. Nikajiona fundi. Nilichanganya masizi ya sufuria na mafuta ya mawese, nakala zikatoka nyeusi vizuri, nikasifiwa. Jumapili joto la kanisa likapanda, wino ukaanza kunata vidoleni, na wanakorali wakawa wanapangusa jasho usoni. Padri alipogeuka kututakia amani aliona korali nzima ina masharubu, wanawake kwa wanaume. Makaratasi yenyewe yaliliwa na panya kwa utamu wa mawese, kwa hiyo hata ushahidi haukubaki.

Aliyenifundisha mkono hakuwa Mkristo. Alikuwa Mwalimu Ramazani, aliyewafundisha watoto kuandika Kurani kwenye mbao, nyumba yake nyuma ya msikiti. Padri mzee wa Kizungu ndiye aliyenituma kwake, baada ya kuona stensili zangu za kwanza. Alisema, "Nenda kwa Ramazani akufundishe kukaa." Nilidhani ananitania. Wiki nzima Mwalimu hakunipa kalamu. Alinikalisha mkekani nifuate kwa kidole mistari ambayo hata kuisoma sikujua.

"Weye unapenda kukimbia," aliniambia. "Mukono haiandike. Jicho njo inaandika. Mukono inatumwa tu."

Alinipa sheria mbili. Ya kwanza, mwenye kunakili hana mdomo: usiongeze neno lako, hata kama ni tamu. Ya pili, mwisho wa kazi andika jina lako chini kabisa, kwa herufi ndogo.

"Juu ya kujisifu, Mwalimu?" nilimuuliza.

"Hapana. Juu kosa ipate mwenyewe. Kosa yenye haina mwenyewe inalala kwa nyumba ya kila mutu."

Ndiyo maana mkizitafuta karatasi zangu za zamani mtaona chini jina Alimasi, dogo kama chungu. Mtaliona kwenye karatasi zote isipokuwa za misa moja.

Misa hiyo, yaani nyimbo za ibada nzima, ilitungwa na Papa Austria. Jina lake halisi liliwashinda wanakorali, na padri alitwambia kwamba wapigaji wake wa muziki wenyewe walimwita Papa, yaani Baba, basi nasi tukamwita Papa Austria, likashika. Yeye aliishi zamani sana, miaka mia mbili na zaidi iliyopita, huko kwao Ulaya. Padri alinisimulia maisha yake huku mimi nikizungusha mkono wa roneo, na kila alipofika patamu nilisahau kuhesabu nakala.

Alikuwa mtoto wa kijiji. Baba yake alitengeneza magurudumu ya mikokoteni, mama yake alikuwa mpishi. Hapo ndipo nilipompenda, kwa sababu baba yangu alikuwa akinyoosha rimu za baiskeli pale sokoni. Akiwa mdogo walimchukua kuimba katika kanisa kuu la mji mkubwa. Sauti ilipovunjika, kama inavyomvunjikia kila kijana, wakamtoa nje. Alipanga chumba chini ya paa, akawa na kinanda kilicholiwa na wadudu wa mbao, akajifundisha mwenyewe juu ya kinanda hicho. Ninyi mnaoniambia hamwezi kufanya mazoezi kwa sababu betri ya sinthe, kile kinanda cha umeme, imekufa, mnanichekesha. Baadaye akaajiriwa na mtawala tajiri, akakaa katika nyumba yake karibu miaka thelathini, anavaa sare ya watumishi, kila siku anakwenda kuuliza leo bwana mkubwa anataka muziki gani. Alikuwa boyi, tuseme ukweli, boyi wa muziki. Na kutoka mikononi mwa boyi huyo zilitoka kazi ambazo mabwana wakubwa wa leo wanavaa tai kwenda kuzisikiliza.

Hadithi niliyoipenda kuliko zote ni ya wapigaji waliocheleweshwa. Mtawala aliwaweka mbali na wake zao miezi mingi, na hakuna aliyethubutu kusema. Papa Austria hakusema pia. Alitunga muziki ambao mwishoni kila mpigaji akimaliza sehemu yake anazima mshumaa wake na kuondoka, mmoja mmoja, mpaka wanabaki wawili tu. Mtawala akaelewa. Maestro wetu wa wakati ule, kiongozi wa korali, alijaribu hila hiyo kwa kamati ya parokia ili tupate sare mpya: katikati ya wimbo tukaanza kutoka kanisani mmoja mmoja. Kamati ikadhani tumekula kitu kibaya, ikatutumia dawa ya tumbo.

Basi niliinakili misa yake yote, kurasa kumi na mbili, nakala moja ya mkono kabla ya kwenda kwenye stensili. Korali ilikuwa imejifunza mpaka sehemu ya Mtakatifu tu, ile ya mwisho ya Mwana-Kondoo tulikuwa hatujagusa, vita ikaingia.

Sitawasimulia vita, wazazi wenu wanaijua. Nitasema tu nilichofanya na makaratasi. Nilikata bidoni ya manjano, dumu la mafuta, nikayatia ndani, nikaziba kwa nta ya mishumaa, nikaizika nyuma ya jiko, ndipo tukakimbilia msituni. Tuliporudi nyumba ya mapadri ilikuwa imeporwa, kitabu cha Kizungu hakipo, padri mzee alikwisha kwenda kwao. Nilichimba bidoni. Nta ilipasuka upande mmoja na mchwa waliingia. Kumbe mchwa nao wana adabu: walikula ukurasa mmoja tu, wa kumi na moja, wakaubakiza pembe tupu.

Ukurasa huo ndio uliobeba maneno "utupe amani".

Nilijaribu kukumbuka. Nilikuwa nimeuandika kwa mkono wangu, lakini jicho lilipita na sikio halikupita. Nilichokuwa nacho ni mwisho wa ukurasa wa kumi, ambapo ngoma zinaanza kupigwa polepole, na mwanzo wa ukurasa wa kumi na mbili, ambapo sauti zote zimekwisha kukutana. Katikati shimo. Na watu walikuwa wametoka msituni, wengine wameacha makaburi huko, wanauliza korali itaimba nini kwenye misa ya shukrani. Niwaambie mchwa wamekula amani?

Niliujaza mwenyewe. Nilikaa asubuhi mbili, na kitu pekee kilichokuja ni wimbo wa mama yangu. Mama alikuwa mtu wa Nyangwe, na alipotwanga muhogo pamoja na dada yake, michi miwili katika kinu kimoja, waliimba wimbo mwororo ambao sauti inanyamaza kidogo kila mchi unapopanda. Niliugawa sauti nne, nikatia maneno "utupe amani", nikaushona pale kwenye shimo. Nilikuwa nimefungua mdomo, kinyume cha sheria ya kwanza. Nilipofika chini ya ukurasa wa mwisho wa nakala mpya kalamu ikasimama. Nikiandika Alimasi, nakiri. Nikaacha pakiwa peupe, na hapo nikavunja ya pili.

Walivyoimba! Kanisa zima lilikwenda kwa mapigo ya kinu, wala hakuna aliyejua kwa nini miguu inamjua mtunzi huyu. Padri mpya alihubiri kwamba tazameni, Mwaustria wa zamani na sisi watu wa Maniema tuna moyo mmoja. Wazee walisema Papa Austria huyo lazima alikuwa anatwanga. Mimi nilicheka nao. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilifika Kabambare, kwa sababu korali ya huko ilitaka nakala na nikaipeleka kwa baiskeli, nikisukuma milima yote. Kutoka huko wachimba dhahabu wakaibeba mpaka Salamabila.

Miaka ikapita, Mwalimu Ramazani akafa, mama akafa, roneo ikawa banda la kuku. Korali ikapata maestro kijana, binti anayeitwa Furaha, aliyesomea muziki Kindu. Wengi wenu ni rika lake. Mwaka huu alikuja kwangu mchana, uso umevimba kwa kulia.

"Papa Alimasi," alisema, "nimesikia ile misa mu telefone, yote, inaimbwa kwabo Ulaya. Page ya kumi na moja haiko vile tunaimba. Haiko hata karibu. Nikaambia korali tuifundishe upya. Bamama bakakatala. Mama Veronika alisema niko na kiburi, nakuya kuharibu misa ya Papa Austria. Jumamosi banataka kuninyanganya korali. Weye njo uliandika. Unisaidie, nilikosa fasi gani?"

Mungu anisamehe, nilimjibu, "Mwanangu, miaka ni mingi. Sikumbuki."

Hakukasirika. Alikaa kwenye kiti akipitisha kidole kwenye simu, kama mtu anayejituliza, akaanza kunisomea habari za Papa Austria kwa sababu alijua nampenda. Alinisomea kwamba sifa yake ilipoenea, wafanyabiashara walikuwa wakiweka jina lake juu ya kazi za watu wengine ili ziuzike. Na alipozeeka, kiasi cha kushindwa kutunga, alikaa na mwandishi wake, mtu wa kumnakilia noti, wakatengeneza orodha ndefu ya zilizo zake.

"Alikuwa na mutu wa kunakili," Furaha alisema, "kama weye Papa."

Alikwenda zake na mimi nilibaki pale. Nilimwona yule mzee na mwandishi wake mezani, wakitafuta kumbukumbu zote hizo ili kila kazi ilale nyumbani kwake. Na mimi niliyempenda hivyo nilikuwa nimemwekea kitandani mtoto asiye wake. Mama yangu naye nilimnyang'anya wa kwake. Sasa binti wa watu, ambaye sikio lake lilifanya kazi ambayo langu lilishindwa, alikuwa anakwenda kupoteza korali kwa kusema kweli. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona maishani mwangu.

Jumamosi nilifika mazoezini kabla ya wote. Mama Veronika alikuwa amekaa mbele na soprano wenzake wa zamani. Nendeni naye polepole mkisikia anavyosema kwa ukali. Alimzika mtoto wake wa mwisho kule msituni, na ukurasa huo aliuimba akiwa hajamaliza hata kumlilia. Nilisimama nikakosa pa kuweka mikono.

"Furaha iko na haki," nilisema. "Ile page haiko ya Papa Austria. Muchwa bilikula yake. Nikatia yangu. Nikanyamaza."

Teno mmoja alicheka, akaona wengine hawacheki.

"Yako?" Mama Veronika aliuliza. "Weye Alimasi, uliitoa wapi?"

"Kwa mama yangu. Wimbo ya kutwanga."

Nilijua atanitukana, na nilikuwa tayari.

"Mama yako alizika batoto?"

"Babili."

"Njo maana," alisema. Akainuka, akaenda mpaka kwa Furaha, akamshika mkono. "Basi tufundishe ile ya mwenyewe. Lakini hii ya mama ya Alimasi, mimi siiachi."

Furaha aliwafundisha wiki nne. Sikwenda mazoezini, nilitaka kuisikia siku yenyewe. Na hapa, vijana, ndipo nilipojua ukubwa wa kosa langu na ukubwa wa yule mtu kwa pamoja. Nilikuwa nimedhani amani inaombwa kwa upole, kwa mapigo ya kinu. Papa Austria aliandika misa hiyo nchi yake ikiwa vitani, na alikuja kufa akiwa mzee sana, askari wa kigeni wakiwa ndani ya mji wake. Zile ngoma za ukurasa wa kumi, nilizodhani ni za furaha, ni hatua za jeshi linalokaribia. Halafu ukurasa wa kumi na moja unafunguka na sauti zote nne zinapaa kwa nguvu, tena na tena, "utupe amani, utupe amani", kama watu waliobisha mlango na hawaondoki. Haombi kwa kunong'ona, anadai. Boyi yule aliyekwenda kila siku kuuliza bwana anataka nini, mbele ya Mungu alipaza sauti. Nililia mpaka jirani yangu akanipa kitambaa. Miaka yote hiyo watu wa Kasongo walikuwa na haki ya kuomba amani kwa kelele namna hiyo, na mimi niliwafunga midomo kwa wimbo mtamu.

Baada ya komunyo korali iliimba wimbo wa pili, peke yake, bila ngoma. Mama Veronika alianza. Miguu ya kanisa ikajua pa kwenda.

Kwa hiyo shikeni vizuri sheria za Mwalimu Ramazani, na simu zenu pia. Ukikosa kitu katika karatasi, sema hakipo, acha shimo lionekane. Atakuja mtu mwenye sikio alijaze. Na ukiwa na wimbo wa mama yako, usiuvike koti la Mzungu ili upendwe.

Furaha alitaka kupeleka nakala Kabambare kwa simu. Nilimwomba anipe siku tatu. Nilitoa kitana, nikavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, nikanakili misa yote upya, kurasa kumi na mbili, na chini kabisa, kwa herufi ndogo zinazotetemeka, nikaandika Alimasi. Kisha nikachukua karatasi ya kumi na tatu, ya wimbo wa kinu. Juu, mahali pa jina la mtunzi, nilikaa muda mrefu na kalamu. Nimeandika majina ya watunzi maisha yangu yote, ya Ulaya na ya kwetu, na hilo la mama yangu nilikuwa sijaliandika hata mara moja, wala mwenyewe hakujua kusoma hata kama angeliona. Nikaliandika kwa herufi kubwa, polepole, kama nilivyofundishwa kukaa: MWAMINI, WA NYANGWE.